Majani ya Mbuzi

Bi Tunu alikuwa ameketi mkekani akichora mchezo wa kete kwa mkaa, juu ya boksi lililokunjuliwa: chumba cha mchicha, cha bamia, cha kisima, cha mbuzi. Salha, mtoto wa mumewe, alitazama kwa mbali. Tangu Bi Tunu aolewe katika nyumba ile, mtoto hakuwa amemsemesha.

"Mbuzi akila mchicha," Bi Tunu alijisemea, "mwenye mbuzi ameshindwa."

"Uonevu huo!" Salha alisema. "Kama ana njaa?"

Bi Tunu akashusha mkaa. "Tumfanyeje basi?"

"Mpandie majani yake."

Salha akaja mkekani, akachora majani, kisha mbuzi mwenyewe. Giza likawakuta.

"Tutamalizia kesho, mwanangu."

"Usifute, lakini."

Akalibeba boksi mwenyewe, akalilaza kitandani kwa Bi Tunu, mbuzi akiwa bado na miguu miwili.