Uzi wa Mguu wa Mama

Kitu cha kwanza Phelister kukiona katika duka la viatu kilikuwa kitambaa. Kila alipoinua mkono kutoka kwenye kioo cha kaunta, muuzaji alipapangusa pale pale, kana kwamba ameacha masizi.

Kiingereza alichokikariri njia nzima kutoka Kaloleni kilimtoka vipandevipande. Alitaka viatu vya mama. Muuzaji akamgeukia mwenzake, akaigiza sauti yake, wakacheka.

"Na hii nayo?" muuzaji akauliza, sasa kwa Kiswahili, akiunyakua uzi wenye mafundo mawili mkononi mwa Phelister. "Umetuletea mkia wa panya?"

Asubuhi hiyo, mama akiwa bado na povu la kufulia miguuni, Phelister alikuwa ameunyoosha uzi huo chini ya unyayo wa mama kuupima, akafunga fundo kisiginoni na lingine kwenye kidole gumba. Jumamosi dada yake angeolewa. Mama angekaa mbele ya wakwe, na nyumbani hakuna aliyethubutu kuuliza atavaa nini.

Muuzaji aliuzungusha uzi kwenye kidole chenye kucha nyekundu. Fundo moja likaanza kulegea.

"Rudi nyumbani, msichana. Ujifunze kuongea kwanza."

Siku nyingine Phelister angeomba samahani na kutoka. Leo aliweka viganja vyote viwili juu ya kioo, akaviacha hapo.

"Mama yangu hajawahi kuvaa kiatu kipya," alisema, kwa sauti iliyofika mlangoni. "Huo unaouchezea ni mguu wake. Uweke hapa, dada, kisha unipimie."