Daraja Jekundu

“Iondoe ovaroli yako kwenye kamba, Mwantumu,” Siwema alisema. “Nepi za mwanangu zinakauka hapo.”

“Kamba ni ya wapangaji wote, shoga. Na ovaroli nimeifua mara mbili.”

“Ungeifua hata kwa maji ya Zamzam, wewe bado mwekundu.”

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele uani wakacheka chinichini. Umbea ulikuwa umenoga. Mwantumu alishazoea. Tangu watu waanze kupangwa madaraja ya sumu kama madebe ya dawa, na kuvishwa mikanda ya kuipima, kazi ya kuyeyusha betri kuukuu ilimvika mkanda mwekundu mkononi, na mwekundu haishi na mtoto mdogo. Binti yake, Saumu, analelewa na wifi yake. Huonana dirishani.

Siwema kwa hasira akaikwapua ile ovaroli, akaitupa chini. Mkanda wake mwenyewe ukalia. Ukijani ukafifia, wekundu ukapanda.

Mama mkwe wa Siwema akachungulia, akautazama ule mkono, akarudi ndani na kufunga komeo. Mtoto akaanza kulia humo ndani.

“Mama, nimeshika mara moja tu,” Siwema alisema mlangoni.

“Najua, mwanangu. Mkanda haujui mara moja.”

Kilio kilizidi, na maziwa yakaanza kulowesha gauni la Siwema. Waliokuwa wakichambua mchele walishasogeza nyungo zao mbali. Mwantumu akamfunika khanga kifuani, kisha akamshika mkono. Sasa haikuwa marufuku tena; wote wawili walikuwa wekundu.

“Twende kwangu, shoga,” alisema. “Kuna ugali na dagaa. Tutakula sahani moja.”