Picha Moja ya Nyota

Mteja alilala chali sakafuni, katikati ya duka la kamera, kandambili zake zikiutazama mlango.

"Kitanda changu kimekaa hivi," alisema. "Nataka picha moja tu. Watoto wamelala, kuta zinaonekana, na nyota juu yao."

Muuzaji alicheka. Alipoona mteja hacheki, akamsogezea darubini ndefu iliyopamba dirisha. "Wanaoanza huanza na hii, mama. Mwezi utauona hadi makovu yake."

"Hiyo inavuta vya mbali, mwanangu. Changu kiko karibu."

"Basi kamera ya lensi pana, na stendi ya miguu mitatu. Unaliacha jicho lake wazi sekunde ishirini. Asitikisike mtu."

"Wakishajikunyata hawatikisiki." Aliinuka, akaishika stendi, akaiacha, akachungulia barabarani, akairudia. "Kesho asubuhi lazima niwe na picha mkononi. Kuna mtu haamini kwamba tunalala pale. Asipoamini nimekwisha, mimi na majirani wote wa mstari wetu."

Ubishi wa wenye nacho, muuzaji aliwaza. Matajiri wa siku hizi huvaa kandambili kwa makusudi.

"Taa za nje zitakuharibia, lakini."

"Taa? Walishazikata."

"Na kutoka kitandani unaona mbingu yote?"

"Ukuta hadi ukuta."

Muuzaji akapiga mluzi. Yeye alikuwa amepanga chumba ambacho dirisha lake linatazama choo cha jirani. Miaka yote hii anauza anga asilolitazama. "Paa la kufunguka! Kweli mbingu zina wenyewe. Na linafunguliwa kwa swichi?"

"Kwa nyundo."

Muuzaji alicheka peke yake, hadi akajifuta macho. Kisha akamfungia kamera ndogo iliyokwisha kutumika, stendi nyepesi, na tochi ya mwanga mwekundu ili asiumize macho gizani.

"Umande ni adui, mama. Mawingu yakija, funika kamera kwanza."

"Kwanza watoto." Tayari alikuwa mlangoni, mzigo kifuani.

"Haya, niambie basi, huyo mbishi wako ni nani?"

"Hakimu. Mwenye nyumba kaezua mabati sisi tumo ndani, halafu kaapa mahakamani kwamba tulishahama."