Mwanamume wa Saa Kumi

Mwanamume yule alicheka tena kwenye simu, na mke wa Kiberiti akacheka naye.

Kiberiti alisimama nje ya chumba chao cha kulala, viatu mkononi. Hii ni mara ya tatu wiki hii: saa kumi alasiri, mlango umefungwa kwa ndani, simu iko kwenye spika. Wivu ulimpanda; yeye koo lake lilikwisha kuunguzwa na moshi, sauti ikabaki inakwaruza kama msasa. Mwanamume huyo alikuwa na sauti laini, yenye mzaha. Hata kwa hilo tu alimchukia.

Wenzake wa zimamoto walimpa jina la Kiberiti kwa sababu aliwaka kabla hajaguswa. Mkufunzi wao alikuwa na sheria moja: mlango wowote, uguse kwanza kwa mgongo wa kiganja, ukiwa wa moto, usifungue. Kiberiti na subira wapi na wapi? Mwaka jana, kwenye ghala linaloungua, aliupiga mlango teke bila kuugusa. Moto ukawarukia. Yeye alitoka na koo bovu. Twiga, rafiki yake wa zamu, hakutoka. Tangu siku hiyo mlango ukibamizwa yeye hujitupa chini, usingizi umemkimbia, na kucheka amesahau.

Jana alikuwa amemuuliza mkewe, "Huyo unayeongea naye kwenye simu ni nani?"

"Mtu wangu wa zamani," mkewe alijibu huku akikunja nguo. "Tena unamjua vizuri."

Wa zamani! Neno hilo lilimla roho siku nzima.

Sasa alimsikia mkewe akisema kwa kilio, "Nimekukumbuka mno, wewe. Rudi basi."

Teke moja, kitasa kikang'oka. Mkewe alikuwa ameketi kitandani, simu kifuani. Kiberiti akampokonya, akaipigiza ukutani.

"Usiivunje!" mkewe alipiga yowe. "Hiyo ndiyo iliyonibakia!"

Kioo kilipasuka, lakini yule mwanamume akaendelea kuongea kutoka sakafuni: "...basi mama, niwekee chai, nikitoka zamu nakuja mbio."

Nyuma ya sauti hiyo mtu mwingine akaangua kicheko, kicheko ambacho siku hizi Kiberiti alikisikia ndotoni tu.

"We Kiberiti," alisema Twiga, "hebu acha kumdekea mkeo, gari linaondoka!"

Kisha ujumbe ule wa sauti, aliomtumia mkewe kabla ya moto wa ghala, ukaisha, na simu ikazima.