Popo wa Darini kwa Nguchiro

Alikuwepo Nguchiro mmoja asiyejua kungoja, na darini mwake walijaa popo. Walinuka, waligombana, waliangusha kinyesi hadi kwenye chai yake. Na leo, leo hii, mama wa mchumba wake alikuwa anakuja magharibi kuikagua nyumba kabla ya kumtoa binti.

"Mnahama au hamhami?" Nguchiro alifoka saa sita mchana.

"Tumelala, bwana," popo mmoja alijibu. "Njoo jioni."

Jioni! Nguchiro akakanda udongo, akapanda juu, akaanza kuziba matundu ya paa.

"Kaka, ngoja watoke kwanza ndipo uzibe," alisema Konokono, jirani yake wa ukutani. "Jua likizama tu, humkuti hata mmoja."

"Wewe kila kitu ngoja! Na mkwe wangu nimwambie angoje?"

Akaziba hadi tundu la mwisho, akashuka, akaoga, akapakua wali. Kimya kitamu.

Magharibi popo wakaamka na njaa yao. Walijaribu tundu hili, wakajaribu lile, kisha wakaipasua dari ya mikeka na kumiminika sebuleni.

"Hodi!" mlango ukabishwa.

Nguchiro akafungua, angefanyaje? Popo wote wakatoka kwa kupita juu ya kichwa cha mkwe, na ushungi wake ukaenda nao.

Mama alijipangusa mabega polepole.

"Baba, naona leo una wageni wengi," alisema. "Binti yangu atangoja."