Pilau ya Arobaini

"Njoo uchukue woga wako, Zamaradi. Mimi nimechoka," Mama Chiku alisema, mikono kiunoni, katikati ya uwanja. "Mkokoteni wa maji ukipita tu, nasikia kitanda chako cha hospitali kinasukumwa mbio. Jasho linanitoka, na mimi wanangu wote niliwazaa salama."

"Ulikula pilau, shoga," Zamaradi akajibu huku akimnyonyesha mwanawe. "Sahani mbili."

"Njaa ilinituma."

Hapo ndipo Mama Chiku anapotuchosha wapangaji wote. Nani asiyejua kwamba mzazi aliyeponea chupuchupu haachiwi woga wake peke yake? Siku ya arobaini mkunga huugawa, na kila anayekula pilau huondoka na sehemu yake. Kabla ya pilau ile Zamaradi hakuweza kumbeba mtoto. Akimwona tu, alihisi damu inamtoka upya, akakimbilia chooni kujifungia.

"Ukinirudishia," alisema sasa, "huyu atanyonya kwa nani?"

Mama Chiku alimtazama mtoto, akasonya, akaenda zake akijifuta jasho.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nafaidi umbea kama kawaida yangu. Siku ya pilau nilikuwa safarini. Zamaradi akainuka, akafunua sufuria iliyokuwa jikoni, iliki ikanukia uwanja mzima.

"Kumwogesha bado siwezi, shoga yangu," akaniambia taratibu. "Kuna kipande cha woga kimebaki. Mkunga yumo ndani anakusubiri. Karibu tule."