Mguu wa Mama

Pigo la pili la nyundo lilitua kwenye muundi wa mama, naye akazidi kung'ata kanga. Tunu alikuwa na alama duni, na chuo cha tiba ya viungo kiliwapokea watu kama yeye kwa sharti moja: mwombaji amvunje mzazi wake mguu, kisha amtibu mpaka atembee.

"Unapiga kama unatwanga kisamvu," mama alisema. "Piga, mwanangu!"

Akapiga. Damu ikaruka ukutani, lakini kidude cha chuo kilichofungwa gotini kikatangaza: "Ni ufa tu. Haujavunjika."

Tunu aliitupa nyundo. "Mama, siwezi. Mkono unakataa."

"Ni huruma hiyo," mama alisema, akimfuta machozi. "Nifunge kidonda, tupumzike. Kesho nitakutukana kwanza, ndipo upige."